Kununua kamera ya kwanza Rwekubo: anza na lenzi na betri, megapikseli baadaye

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Mfanyabiashara au dereva wa Rwekubo anayependa kupiga picha, na sasa anataka kutoka kwenye simu kwenda kwenye kamera kamili, kwa kawaida huuliza kwanza ina megapikseli ngapi. Kiuchumi, hilo ndilo swali la mwisho. Anayenunua kamera ananunua mfumo mzima wa lenzi, betri, chaja na fundi, na kwa mkazi wa Isingiro kila kimoja kikikosekana ni nauli ya kwenda Mbarara, au hata Kampala.

Kinachotofautisha kamera na kamera ni ukubwa wa kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga. Kamera ndogo nyingi za mfukoni zina kihisi cha takriban milimita 6 kwa 4.6. Kamera za kubadilisha lenzi za daraja la APS-C, kama zile za Nikon, zina kihisi cha karibu milimita 23.5 kwa 15.6, eneo lililo kubwa karibu mara 13. Ndiyo maana kamera ya zamani ya APS-C yenye megapikseli 16 hutoa picha safi zaidi jioni kuliko kamera mpya ya mfukoni yenye megapikseli 20. Muuzaji akikusifia megapikseli, muulize habari za kihisi.

Suala la pili ni umeme, nalo katika eneo hili lina uzito kuliko Nairobi au Dar es Salaam. Kamera ya DSLR, yenye kioo ndani, hula betri kidogo kwa sababu mpigapicha hutazama kupitia kioo bila skrini kuwaka. Nikon D3500, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo haitengenezwi tena, hupiga takriban picha 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwandani. Sony A6000 ya mwaka 2014, isiyo na kioo, hupiga takriban 360. Anayechaji kwa sola huko Nakivale, au anayelala barabarani na lori, aifikirie tofauti hiyo kabla ya kuvutiwa na wepesi wa kamera zisizo na kioo. Akichagua isiyo na kioo, bei ya betri mbili za ziada aiingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Hata hivyo fedha nyingi hupotelea kwenye lenzi. Mwili wa kamera hushuka thamani haraka. Lenzi nzuri hudumu na huuzika. Kwa hiyo chagua mlango wa lenzi kwanza. Lenzi za Canon EF zilianza mwaka 1987, na kila lenzi ya EF ya Canon yenye uwezo wa kufokasi yenyewe ina mota yake, hivyo hufanya kazi kwenye DSLR za Canon, na kwa adapta kwenye kamera mpya za EOS R zilizoanza mwaka 2018. Kwa Nikon kuna mtego: D3500 na D5600 hazina mota ya kufokasi mwilini, kwa hiyo lenzi kuukuu zisizo na alama ya AF-S, AF-I au AF-P, hasa zile za AF-D, zitakulazimu kuzungusha kwa mkono. Canon EOS M nazo ni za kuepuka kwa anayeanza leo. Canon iliachana na familia hiyo mwaka 2023, na lenzi zake haziingii kwenye EOS R.

Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera inatosha kwa mchana. Lenzi ya pili iwe 50mm f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya ile ya kwanza ikivutwa mpaka mwisho kwenye f/5.6, na kwa picha za watu dukani au ukumbini usiku hakuna fedha inayofanya kazi zaidi ya hiyo.

Wengi watanunua mtumba, na hakuna ubaya. Kagua mambo machache. Pazia la kamera, wapigapicha huliita shata, lina umri; la D3500 limekadiriwa mizunguko 100,000. Kwa Nikon idadi imo ndani ya faili la picha, kwa Canon kwa kawaida haimo. Mulika tochi kupitia lenzi: nyuzi kama za buibui ni kuvu, rudisha. Kamera za Sony zilizouzwa soko la Japani mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani pekee, nazo zikifika huku hubaki mikononi mwa aliyezinunua. Canon kutoka Japani huitwa Kiss. Kiss X9 ni ileile 200D, usilipie jina. Na mwenye kutaka flashi ya bei rahisi ajue kwamba Canon 250D haina pini ya katikati, hivyo flashi nyingi za makampuni mengine haziwaki juu yake.

Kuhusu mpaka: hati rahisi ya asili ya bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kamera ya Thailand au Japani haiingii humo hata ukiinunua Bukoba. Uganda VAT ni asilimia 18. Dai risiti ya EFRIS dukani, na ukisafiri na kamera yako nje ya nchi, omba forodha waandike namba ya mashine kabla hujavuka, ili urudipo usidaiwe kama mwingizaji.

Mwisho, Nakivale iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na kabla ya kupiga picha ndani ya makazi pita kwenye ofisi yao uombe kibali. Wako humo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine ambao baadhi yao wamekimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Sura ikiwekwa mtandaoni na jina la kijiji chini yake hairudishiki. Omba ruhusa ya mtu mwenyewe, na kwa mtoto ya mzazi. Kwenye vituo vya mpaka na madaraja, kamera ibaki kwenye begi.