Misa ya Wafu Aliyoiacha Mozart

Katika maktaba ya taifa huko Vienna, mji mkuu wa Austria, zimehifadhiwa karatasi za noti ambazo ukurasa wake wa kwanza una sahihi ya Wolfgang Amadeus Mozart, na pamoja nayo mwaka 1792. Lakini Mozart alifariki tarehe 5 Desemba, 1791. Maiti hatii sahihi. Basi ni nani aliyeliandika jina lile?

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Februari, 1791, bwana mmoja wa cheo, Franz von Walsegg, alifiwa na mkewe, naye angali kijana. Akataka Misa ya Wafu ya kumkumbuka, akapeleka mjumbe kwa Mozart pasipo kujitaja jina, na sehemu ya malipo ikatangulizwa. Walsegg alikuwa na mazoea ya kununua tungo za watu, kuzinakili kwa mkono wake mwenyewe, na kuzipigisha nyumbani kwake kana kwamba ni zake. Mozart alikuwa na madeni, akakubali. Ila kazi nyingine zilimshika kwanza, na alipoirudia hii kwa bidii, ugonjwa ukamlaza. Umri wake ulikuwa miaka 35.

Sehemu ya kwanza tu ndiyo aliyoimaliza, sauti na vyombo pamoja. Katika nyingi zilizofuata aliandika sauti nne za waimbaji na sauti nzito ya chini, na hapa na pale noti chache za fidla. Mahali pa vyombo vingine pakabaki patupu. Katika ile iitwayo Lacrimosa aliandika vipimo vinane tu, kalamu ikakoma.

Mjane wake, Constanze, aliachwa na watoto wawili wa kiume, mmoja hajatimiza hata miezi mitano. Kazi isipokamilika, salio la fedha halitapatikana, na iliyokwisha kuliwa huenda ikadaiwa. Tarehe 21 Desemba akamkabidhi Joseph Eybler zile karatasi. Eybler alijaza vyombo kwa ustadi, lakini alipoifikia Lacrimosa akaongeza noti chache, kisha akaacha. Mwishowe kazi ikamwangukia Franz Xaver Süssmayr, aliyekuwa msaidizi wa marehemu, na mwandiko wake ulifanana sana na wa Mozart. Ndiye aliyeikamilisha, na sahihi ile ni ya mkono wake.

Wako wanaomlaumu vikali. Mimi siwezi: aliyedanganywa alikuwa mtu aliyekusudia kudanganya wengine. Tena Misa hiyo iliimbwa Vienna tarehe 2 Januari, 1793, kwa kumsaidia Constanze, karibu mwaka mzima kabla Walsegg hajaiongoza mwenyewe, tarehe 14 Desemba, akiiita yake.

Mwaka 1800 Süssmayr aliwaandikia wapiga chapa kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei ni tungo zake kabisa. Wengi hawakusadiki, wakisema nyingine ni nzuri kupita uwezo wake, na kwamba labda alipewa vipande vya karatasi vya bwana wake. Kipande kimoja kilionekana Berlin katika miaka ya 1960. Ni mwanzo wa Amina, sauti zikifuatana na kupokezana, na yaelekea ilikusudiwa kuifuata Lacrimosa. Hapo Süssmayr alikuwa ameweka milio miwili tu.