Elimu ya Juu ya Ujerumani na Wenye Kuishika

Wasomi wengi hupenda kusifu uhuru wa vyuo vikuu vya Ujerumani. Husema huko ndiko elimu ilikotenganishwa na siasa, mwalimu akafundisha alichokichunguza mwenyewe na mwanafunzi akachagua la kusoma. Sisi hatukatai kwamba uhuru huo ulizaa matunda. Tunachouliza ni hiki: ulitolewa na nani, na kwa faida ya nani?

Vyuo vya zamani, kama kile cha Heidelberg cha mwaka 1386, vilikuwa chini ya makabaila na Kanisa, navyo viliwatolea mapadri, wanasheria na waganga. Mwaka 1806 majeshi ya Napoleon yaliishinda vibaya Prusia, na Chuo cha Halle kikafungwa. Dola ya kikabaila ikatambua kwamba haiwezi kusimama bila ya watumishi wenye fikra mpya. Kazi hiyo akapewa Wilhelm von Humboldt, na mwaka 1810 Chuo Kikuu cha Berlin kikafunguliwa, kikiunganisha ufundishaji na utafiti. Uhuru wa taaluma, basi, ulitoka juu, na aliyeutoa aliendelea kushika kamba. Mwaka 1819, kwa maazimio ya Karlsbad, aliivuta: wakaguzi wa serikali waliwekwa vyuoni, na walimu waliohesabiwa kuwa wachochezi wakafukuzwa. Mwaka 1837 mfalme wa Hannover aliwafukuza maprofesa saba wa Göttingen, wakiwemo ndugu wawili wa ukoo wa Grimm, kwa kupinga kufutwa kwa katiba.

Ubepari ulipokomaa ulidai wahandisi. Mwaka 1899 vyuo vya ufundi vya Prusia viliruhusiwa kutoa shahada ya udaktari, jambo lililowaudhi maprofesa wa vyuo vya zamani. Wanawake wa Prusia walisubiri hadi 1908 ndipo wakaandikishwa kuwa wanafunzi kamili. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wachache mno.

Ubeberu nao ulikuwa na mahitaji yake, na hapa historia hii inagusa nchi yetu. Mwaka 1887, miaka miwili baada ya Ujerumani kuanza kujitwalia ardhi yetu, Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin, ikaambatanishwa na chuo kile kile cha Humboldt. Kiswahili kilifundishwa humo kwa sababu watawala walikihitaji. Tangu 1900 mmoja wa waliokifundisha alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Waswahili, kilichotoka 1903, ilitokana naye. Jina lililowekwa mbele ni la Carl Velten. Mwaka 1905 Mtoro alipotaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikukubali washuke Dar es Salaam.

Hamburg, mji wa wenye meli na makampuni, ulianzisha Taasisi ya Kikoloni mwaka 1908. Makoloni yalipotea, lakini kutokana na taasisi hiyo kilizaliwa Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1919. Mwaka 1922 palisimamishwa hapo sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza vita vya kumvunja Abushiri. Sanamu hiyo ilikuwa Dar es Salaam tangu 1909, mahali palipo na Sanamu ya Askari siku hizi, mpaka Waingereza walipoing'oa.

Maprofesa waliojigamba kwamba hawaingilii siasa walipimwa mwaka 1933. Hitler aliamuru walimu Wayahudi na wapinzani wafukuzwe, na wenzao wengi walinyamaza. Mwezi Mei wanafunzi wenyewe walichoma vitabu hadharani.

Baada ya vita, Ujerumani ya Mashariki ilianzisha Vitivo vya Wafanyakazi na Wakulima mwaka 1949, ili kuwaandaa kwa chuo kikuu vijana walionyimwa sekondari. Chama kilichotawala huko nacho kiliwabana walimu na wanafunzi waliokipinga, wala hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini mlango uliofungwa kwa karne nyingi ulifunguliwa.

Upande wa Magharibi mlango ulisukumwa na wanafunzi. Mwaka 1967 wale wa Hamburg walimwangusha Wissmann. Wakubwa wakamrudisha juu ya jiwe lake. Usiku wa kuamkia Novemba 1968 wakamwangusha tena, na safari hii hakurudishwa.