Miaka 40 ya SUA: Ningeanza na Panya

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilitimiza miaka 40 mwaka 2024. Desturi yetu katika kumbukumbu za namna hii ni kutaja viongozi kwa zamu zao, kisha majengo. Mimi ningeanza na panya.

Katika miaka ya 1980, watafiti wa Kitanzania na Kibelgiji walianza kutega panya shamba kwenye viunga vya chuo, Morogoro. Waliwakamata wakiwa hai, wakawapima, wakawatia alama na kuwaachia, kisha mwezi uliofuata wakarudi palepale kutega tena. Jirani aliyewaona ana haki ya kujiuliza ni kilimo gani hiki cha kumshika mwizi na kumfungulia mlango. Lakini muulize mkulima wa mahindi. Kuna mwaka panya hufukua mbegu zote kabla hazijachipua, akapanda upya, nazo zikafukuliwa. Daftari za kutega mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, zilionyesha kwamba vuli ikinyesha sana, panya huanza kuzaana mapema kuliko kawaida, na wimbi lao humkuta mkulima baadaye. Anayepima mvua, basi, anaweza kuonya mapema. Mbelgiji Herwig Leirs alipata uzamivu wake kwa panya hao wa Morogoro, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakachapisha matokeo yao katika jarida la Nature.

Ndivyo masomo ya juu ya kilimo yanavyopaswa kuwa: swali limetoka uani. Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1965 mahali pale palikuwa na Chuo cha Kilimo kilichotoa stashahada. Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki alifunga safari hadi Makerere. Wa tiba ya mifugo alikwenda Nairobi. Mwaka 1969 chuo kikapandishwa kuwa kitivo, na mwaka uliofuata, chuo kikuu cha pamoja kilipogawanywa, kitivo kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misitu ikaongezwa, kisha tiba ya mifugo mwaka 1976, jina la kitivo likazidi kurefuka. Wahadhiri wake wengi walipelekwa Ulaya na Marekani kusoma uzamili na uzamivu.

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro, akitoka Dodoma. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria Namba 6, na tarehe 1 Julai kitivo kikawa chuo kikuu kamili chenye jina lake. Julius Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo wa kwanza, Geoffrey Mmari Makamu wake.

Jina la chuo limeingia hata sokoni. Mwaka 1990 watafiti wake walitoa mbegu ya maharage iliyoitwa SUA 90, na baadaye Rojo, Mshindi na Pesa. Aliyewahi kuona majaribio ya mbegu anajua kazi iliyomo: vitalu vidogo vilivyopimwa kwa kamba, vibao vyenye namba, na mwanafunzi wa uzamili anayehesabu maganda juani huku akiomba ng'ombe wa jirani wasipite.

Upande wa mazingira, maabara kubwa kuliko zote ni milima ya Uluguru yenyewe. Maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka huko, na udongo wake unateremka nayo. Elimu ya udongo katika milima ile ina historia ya kulazimishana. Wakoloni waliwaamuru Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mara nyingi matuta yale yalipandisha juu udongo usio na rutuba, watu wakachoka, na mwaka 1955 ghasia zikazuka, mpango ukafa. Mtafiti anayepanda mlima leo na dumu la sampuli anamkuta mkulima mwenye kumbukumbu hiyo. Heri aanze kwa kuuliza kuliko kufundisha.

Nina lawama moja. Tangu 1991 maktaba ya chuo ndiyo pia Maktaba ya Taifa ya Kilimo, na rafu zake zimejaa tasnifu kuhusu mihogo, mikoko, mbuzi na miombo. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyehojiwa siku nzima chini ya mwembe wake, akajibu maswali arobaini na kumkaribisha mgeni ugali, hatazisoma. Ukurasa mmoja tu wa Kiswahili mwishoni mwa kila tasnifu usingemchelewesha mtu kuhitimu.

Turudi kwa panya, maana safari hii ni panya buku. Mwaka 2000 shirika la Kibelgiji la APOPO lilihamia Morogoro, likishirikiana na chuo kuwafunza panya hao kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya ni mwepesi mno kulipua bomu analokanyaga. Magawa, aliyefunzwa hapo na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020; alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 39. Alikufa Januari 2022, na vyombo vya habari vya dunia vikatangaza msiba wa panya.

Kwa mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2016, chuo kikapata kituo cha umahiri cha kudhibiti panya waharibifu na kuwatumia wale wenye manufaa, kinachotoa uzamili na uzamivu. Wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika sasa wanapanda basi hadi Morogoro, kusomea panya.