Maambukizi ya ngozi katika michezo ya kukabana na namna ya kuyakinga

Mnamo Julai 1989, vijana 175 wa shule za sekondari walikusanyika katika jimbo la Minnesota, Marekani, kwa kambi ya mieleka ya wiki nne. Hatimaye 60 miongoni mwao walipatikana na malengelenge yanayosababishwa na virusi vya hepesi, wengi wao kichwani na usoni, yaani pale hasa wanamieleka wanaposuguana wanapokamatana. Wataalamu waliochunguza mkasa huo walibaini kwamba walioshindana na mwenzao mwenye vipele walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Ugonjwa haukuwa umejificha kwa kila mtu. Ulionekana, na mazoezi yakaendelea.

Hali hiyo si ngeni katika kumbi za ndondi, judo na taekwondo humu nchini, wala katika viwanja vya raga. Bondia anayejua kwamba timu itateuliwa Jumamosi hawezi kwa urahisi kumwonyesha kocha kidonda kilichomtoka shingoni Jumatano. Atavaa fulana yenye ukosi, atajipaka mafuta, na atanyamaza. Mficha maradhi, walinena wahenga, kilio humuumbua. Ila katika michezo ya kukabana kilio hicho huwafikia hata wasioficha kitu.

Ngozi isiyo na jeraha ni ukuta imara. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye ndiye chanzo kikuu cha majipu, huishi puani mwa takribani mtu mmoja kati ya kila watatu wenye afya njema bila kuwadhuru. Madhara huanza ukuta unapotoboka. Mchubuko wa goti uwanjani, mkwaruzo wa ukucha, ngozi iliyolainishwa na jasho chini ya glavu kwa saa nzima, au nywele za mwilini zilizonyolewa kwa wembe muda mfupi kabla ya mazoezi: yote hayo ni milango. Hapo tena mchezo wenyewe humalizia kazi, kwa kuwa haiwezekani kupigana mieleka wala kusukumana katika skramu bila ngozi kugusana na ngozi.

Maradhi yenyewe ni ya makundi matatu. Kuna yanayoletwa na bakteria, kama vile majipu na vidonda vyenye ukoko wa rangi ya asali ambavyo huonekana sana puani na mdomoni. Kuna ya virusi, hasa hepesi, ambayo ikishaingia mwilini haitoki tena. Hujificha katika neva na kuibuka upya mwili unapochoka, na ikifika jichoni yaweza kuharibu uwezo wa kuona. Wanaraga wa Uingereza wana jina lao la utani kwa vipele vinavyotokana na skramu, ishara kwamba tatizo ni la zamani. Kisha kuna ya kuvu, na hapa hapana budi kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote.

Choa, ambacho wengi hukiita mashilingi kinapotokea kichwani, huchukuliwa kuwa ugonjwa wa watoto wa shule ya msingi. Hata hivyo, nchini Japani kuvu ya aina ya Trichophyton tonsurans ilienea katika klabu za judo na mieleka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ikabainika kwamba baadhi ya wachezaji waliibeba kichwani bila alama yoyote. Mtu wa namna hiyo hujiona mzima kabisa, ilhali kila anapomkumbatia mwenzake humwachia mbegu. Mbegu hizo huweza kudumu kwa miezi juu ya mkeka au katika kitana. Dalili za ngozini huchukua kati ya siku 4 na 14 kujitokeza, muda unaotosha kabisa kwa mchezaji mmoja kufanya mazoezi na klabu nzima kabla hajaanza kujikuna.

Jambo jingine linalowapotosha wengi ni picha za vitabuni, zinazoonyesha duara jekundu juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi choa huenda kisiwe chekundu hata kidogo. Huwa cha kijivu au kahawia iliyokolea, ukingo wake umeinuka na kufanya magamba, huku katikati pakiwa pameanza kupona. Jipu vilevile hutambulika kwa joto, uvimbe na maumivu zaidi ya rangi yake. Kocha anayetafuta wekundu atawapitisha wagonjwa wote.

Lipo pia kosa linalotendeka dukani. Mchezaji hununua krimu yenye steroidi kwa kuwa ameambiwa huondoa mwasho upesi. Kweli mwasho hupungua na ukingo hufifia, lakini kuvu yenyewe huwa imepewa nafasi ya kuenea, kwa maana steroidi hupunguza nguvu za mwili za kupambana nayo. Baada ya wiki kadhaa doa hurejea likiwa kubwa na lisilo na umbo la kawaida, kiasi kwamba hata mhudumu wa afya hupata taabu kulitambua. Choa cha ngozini hutibiwa kwa krimu ya kuua kuvu, mathalani klotrimazoli au terbinafini, ambayo huendelea kupakwa hata baada ya alama kutoweka, kwa muda alioagiza mtaalamu. Cha kichwani hakisikii krimu. Huhitaji vidonge kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa.

Kwa upande wa bakteria, somo kubwa lilitoka katika timu ya kulipwa ya kandanda ya Kimarekani, St. Louis Rams, msimu wa mwaka 2003. Wachezaji 5 kati ya 58 walipatwa na maambukizi 8 ya bakteria aliye sugu kwa methisilini na dawa za jamii yake. Maambukizi yote yalianzia mahali palipochubuliwa na nyasi za bandia. Timu hiyo haikukosa fedha wala madaktari. Uchunguzi ulionyesha kwamba wachezaji waligawana taulo uwanjani, baadhi hawakuoga kabla ya kuingia katika bwawa la pamoja la kujinyoosha misuli, na waliowahudumia majeraha hawakuwa na mahali pa karibu pa kunawia mikono. Kilichokosekana kilikuwa sabuni mahali panapofaa.

Hilo ni la kutia moyo kwa klabu za mitaani, ambazo aghalabu hujitetea kwamba usafi ni wa matajiri. Kinga ya kwanza ni kuoga kwa maji na sabuni mara tu baada ya mazoezi, si baada ya safari ya matatu na chakula cha jioni. Pasipo bafu, ndoo moja na kipande cha sabuni kwa kila mchezaji hufaa. Uso, shingo, mikono na miguu ndiyo itangulizwe. Sabuni ya kipande isitumiwe kwa zamu. Taulo, wembe, kitana na bendeji za kufungia mikono viwe vya mtu mmoja mmoja, na bendeji hizo zifuliwe kila siku. Kanuni za kimataifa za judo zenyewe hudai kwamba vazi liwe safi na kavu, lisinuke, na kucha za mikono na miguu ziwe fupi. Si suala la urembo.

Glavu na kofia za ndondi zina ugumu wake, kwa sababu huvaliwa kwa zamu na haziwezi kulowekwa. Kila anayezivaa awe amenawa na kufunga mikono kwa bendeji yake safi. Zikivuliwa, ndani na nje zipanguswe kwa kitambaa chenye dawa ya kuua vijidudu, zifunguliwe mdomo na kuachwa penye hewa. Kuzifungia ndani ya begi zikiwa na unyevu hadi siku ya pili ni sawa na kufuga ugonjwa. Majira ya mvua, nguo zisipokauka vizuri, pasi ya moto husaidia.

Mkeka kwanza uoshwe kwa sabuni, kwa kuwa dawa ya klorini hupotezwa nguvu na uchafu na jasho lililoganda. Kisha upakwe mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, uachwe ukiwa umelowa kwa dakika kumi hivi, usuuzwe na kukauka kabla ya mtu kuukanyaga. Mchanganyiko huo utengenezwe siku ile ile, na madirisha yawe wazi. Kamwe usichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye asidi au amonia, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Mkeka uliochanika ubadilishwe au uzibwe, maana hakuna dawa inayofika ndani ya sponji. Viatu vya kuendea msalani visipande mkekani. Hili ndilo husahauliwa zaidi.

Damu ikimwagika, mazoezi husimama hadi jeraha lifungwe na damu isafishwe, kwa ajili ya virusi vya homa ya ini aina ya B na vya Ukimwi. Homa hiyo ya ini ina chanjo, na mchezaji asiyewahi kuipata ana sababu nzuri ya kuitafuta.

Lakini sabuni na klorini havimfikii anayeficha. Ndiyo maana ukaguzi wa ngozi kabla ya mazoezi unapaswa kuwa desturi ya kila mara kwa kila mtu, akiwemo nahodha na kocha anayeshiriki mazoezini. Ufanyike penye mwanga, ukianzia kichwani, nyuma ya masikio na shingoni. Wasichana wakaguliwe na mwanamke, na mtoto asikaguliwe peke yake na mtu mzima mmoja mahali pa siri. Anayepatikana na kidonda asikemewe mbele ya wenzake. Kuna kazi nyingi za kumpa: kukimbia, kuruka kamba, kupiga kivuli, kutazama mbinu. Kocha anayemwondoa mchezaji kikosini papo hapo kwa sababu ya doa la choa atakuwa amewafundisha wengine kumi namna ya kujifunika.

Muda wa kukaa nje nao ujulikane mapema ili usionekane adhabu. Miongozo inayotumiwa katika mieleka ya shule na vyuo Marekani huhitaji angalau saa 72 za matibabu kwa choa cha ngozini, nalo doa lifunikwe barabara, na siku 14 za vidonge kwa cha kichwani. Kwa vidonda vya bakteria ni saa 72 za viuavijasumu, pasiwe na kidonda kipya katika saa 48 za mwisho wala kinachotoa majimaji. Kwa hepesi ni siku 5 za dawa ya virusi, malengelenge yote yawe yamekauka na kufanya ukoko. Plasta inayobanduka kwa jasho haihesabiwi kuwa kifuniko. Jipu lisikamuliwe na mchezaji mwenzake. Likiandamana na homa, mistari inayopanda mkononi au mguuni, au kidonda kikikaribia jicho, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Naye kocha afungue daftari lake la mazoezi, atazame ni nani walioshikana na mgonjwa huyo katika wiki mbili zilizopita, na awaite mmoja baada ya mwingine chini ya taa.