Gololi Mpya, Kikalio cha Zamani

Kuna utani wa zamani kuhusu pikipiki za Uingereza: ukiona haivuji oili, jua oili imeisha. Watu hucheka na kusonga mbele. Mimi nauchukulia kama ushahidi. Ndani yake kuna historia ya kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa pikipiki, ikaanguka kwa miaka isiyofika ishirini na tano. Kuna pia somo kwa yeyote aliyewahi kununua speya mpya halafu shida ikabaki pale pale.

Tuanze na injini yenyewe, juu bila kuielewa hii stori haiingii.

Nduthi nyingi unazoona stejini leo huweka oili chini, ndani ya injini. BSA, Triumph na Norton za zamani zilikuwa tofauti. Oili ilikaa kwenye tangi lake pembeni, karibu na kiti. Pampu ilikuwa na kazi mbili. Upande mmoja ulisukuma oili kutoka kwa tangi hadi kwenye kranki. Upande wa pili uliivuta ile iliyodondoka chini na kuirudisha kwa tangi. Huu wa kurudisha ulitengenezwa uwe na uwezo zaidi, ndio chini pasijae.

Sasa fikiria pikipiki imezimwa. Pampu imelala. Tangi liko juu, kranki iko chini, na oili, kama maji, hufuata mteremko. Kinachoizuia isishuke ni gololi ndogo ambayo springi inaisukuma ikalie tundu. Ukiwasha, pampu inaisukuma gololi kando na oili inapita. Ukizima, gololi inarudi na mlango unafungwa. Ni hiyo tu. Kitu kidogo kuliko punje ya njugu ndicho askari wa lango.

Gololi ikishindwa, oili hushuka polepole, usiku kucha, wiki nzima. Mwenyewe anafungua tangi, anaona liko chini, anaongeza lita moja. Anapiga kiki, inakuwa nzito ajabu. Ikiwaka, moshi unajaa mtaa mzima na oili inatafuta kila upenyo wa kutokea: bomba la kupumulia, sili, gasketi. Anasema injini imekufa. Haijakufa. Imefurika.

Basi anaenda kununua gololi mpya na springi mpya. Anafunga. Wiki mbili baadaye tangi liko chini tena. Kwani iko nini?

Fundi mzuri hakimbilii spana. Kwanza anauliza oili imeenda wapi. Anaendesha pikipiki mpaka ipate moto, anazima, anapima tangi hapo hapo, kisha anapima tena baada ya siku kadhaa. Tangi likishuka na sakafu ni kavu, oili imo ndani ya injini. Halafu anausoma moshi. Moshi wa kuwasha unaoisha baada ya dakika chache unaonyesha mafuriko kutoka kwa tangi, au oili kidogo iliyopenya juu kwenye valvu wakati injini imelala. Moshi unaokuja ukiachilia mafuta kwenye mteremko unaelekeza kwa gaidi za valvu zilizolika. Moshi unaozidi kila ukikaza mafuta, angalia ringi za pistoni. Hizo ni shida tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Akishajua ni mafuriko, ndio anafungua ile gololi. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Gololi ni mpya, ni duara safi kabisa. Lakini kile kikalio chake, ule ukingo wa tundu inapokaa, kina umri wa miaka sitini. Kimechimbika, kina mikwaruzo, au kimeshika uchafu mdogo usiouona kwa macho. Duara safi juu ya ukingo mbovu haliwezi kuziba. Dawa ya kizamani ni kusafisha kabisa, kuweka gololi, na kuigonga kidogo kwa kipande cha shaba nyekundu au njano ili ukingo upate umbo lake upya. Ile gololi iliyogongwa inatupwa, inawekwa nyingine.

Na bado inaweza kuvuja. Pampu zenye gia zikilika, oili hupita katikati ya meno na kuta zake. Oili yenyewe pia ni sehemu ya kesi: hizi injini zilizoea oili nzito ya gredi moja, na nyingi za leo ni nyepesi zikiwa baridi, kwa hivyo hushuka haraka. Wengine wakichoka huweka kamfereji kwenye bomba la oili, wanafunga wakiegesha. Inafanya kazi vizuri, mpaka ile siku mtu anasahau kufungua. Injini bila oili haikupi nafasi ya pili.

Shikilia hiyo picha ya gololi mpya kwenye kikalio cha zamani, sasa twende Birmingham.

BSA ilianza mwaka 1861 kama muungano wa mafundi wa bunduki, na pikipiki ikaanza kuzitengeneza mwaka 1910. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia ililipa jeshi la Uingereza zaidi ya pikipiki 120,000 za aina ya M20. Mwaka 1951 ikainunua Triumph. Miaka hiyo ya 1950 hakuna kampuni ya pikipiki iliyoifikia kwa ukubwa.

Halafu Japani ikaamka. Honda, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo ya mtu wa kawaida. Mwaka 1960, Edward Turner, aliyekuwa akiongoza kitengo cha magari na pikipiki cha BSA, alisafiri Japani akajionea viwanda vyao. Alirudi na ripoti ya onyo. Kwa hivyo si ati hawakujua. Walijua miaka mingi kabla ya kuanguka. Lakini wakubwa wengi kwenye biashara hiyo walijifariji kwamba Wajapani wanawafundisha vijana kuendesha pikipiki ndogo, halafu hao vijana wakikua watanunua kubwa za Uingereza.

Hiyo, kwangu mimi, ni kuongeza lita moja kwa tangi bila kuuliza ile ya kwanza imeenda wapi. Waliachia soko la pikipiki ndogo, wakarudi nyuma kwa kubwa, wakarudi nyuma tena. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ilipoletewa ripoti ya washauri wa Boston, huko kurudi nyuma kulikuwa ndiyo hoja kubwa ndani yake.

Walipojibu, walijibuje? Mwaka 1968 walitoa BSA Rocket 3 na Triumph Trident, silinda tatu, 750cc. Zilikuwa na mbio kweli kweli. Lakini kasha la injini bado lilikuwa limegawanywa wima, kwa hivyo maungio yake yalishuka mpaka kule chini oili inakokaa. Na ya kuwasha ilikuwa kiki tu. Mwaka 1969 Honda CB750 ikafika sokoni na silinda nne, breki ya diski mbele na kitufe cha kuwasha. Kasha lake lilikatwa kwa ulalo.

Na hapa kuna kitu watu hawasemi: hiyo CB750 nayo iliweka oili kwenye tangi la pembeni, vile vile kama Waingereza. Kwa hivyo msiniambie shida ilikuwa mpangilio wa oili. Shida ilikuwa mashine za kiwandani zilizochoka, vipimo visivyobana, na uongozi uliokubali kwamba kuvuja ni tabia ya pikipiki. Walileta gololi mpya, wakaikalisha pale pale pa zamani.

Bili ililetwa kwa wafanyakazi. Mwaka 1973 BSA iliyumba mpaka ikaunganishwa na Norton. Mwezi Septemba mwaka huo huo, walipoambiwa kiwanda cha Triumph cha Meriden kitafungwa, wafanyakazi walikikalia na kukataa kutoka. Kuanzia 1975 wakakiendesha wenyewe kama ushirika. Walifika 1983, kikafa. Nawaheshimu sana hao wasee. Walipigania kazi zao kwa vifaa ambavyo wakubwa wao walikuwa wameviacha vizeeke.

Mwaka huo wa 1983, mfanyabiashara John Bloor alinunua jina la Triumph. Hakurudi Meriden kufufua mashine za kale. Alijenga kiwanda kipya Hinckley, akatengeneza injini kutoka mwanzo, na mwaka 1990 akazionyesha kwa dunia. Triumph iko hai mpaka leo. Yeye ndiye aliyegusa kikalio.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunapenda sana kitu kipya. Kocha mpya, kamati mpya, meneja mpya, app mpya ya kusimamia mambo yale yale. Baada ya mwezi tunashangaa mbona tangi liko chini. Sisemi usibadilishe gololi. Ikiwa mbovu, itupe. Nasema kabla hujalipia nyingine, washa tochi uangalie pale itakapokalia. Uliza uchafu uliingiaje. Uliza nani alizoea kuvuja mpaka akaanza kukuita utani.

Na kama kweli una BSA ya babu imeegeshwa mahali, tafadhali usimwage oili mpya juu ya ile ya zamani. Fungua nati ya chini kwanza. Utashangaa kiasi kitakachotoka.