Roho ya Hofu Imetoka Wapi?

Kaa kwenye mkesha wa maombi, uwe Dar es Salaam au Nairobi, na kabla ya saa sita za usiku utakuwa umeshasikia mtu akikemea "roho ya hofu". Hukemewa kwa sauti kubwa, na andiko linalotajwa karibu kila mara ni Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, aya ya saba. Sasa fungua Biblia ya Union Version, ile iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu bado tunaibeba kwapani. Neno lililoandikwa pale si hofu. Ni woga.

Najua nitaambiwa ni yale yale. Watafsiri wetu hawakuona hivyo. Kigiriki cha aya hiyo kinatumia *deilia*, nomino ambayo katika Agano Jipya zima inatokea hapo tu. Sifa iliyo ya ukoo wake, *deilos*, ndiyo Yesu anayowapa wanafunzi chomboni siku ya dhoruba, na ndiyo inayofungua orodha ya kutisha ya Ufunuo 21, ikiwatangulia hata wauaji na wachawi. Union Version imewaita watu hao waoga, huku na huku. Lakini katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, pale upendo unapoitupa nje *phobos*, ikaandikwa hofu.

Kiswahili chenyewe kingeweza kutufundisha haya bila Kigiriki. Hofu, neno tulilolipata kwa Waarabu, huja na kuondoka: mtu huingiwa na hofu, hushikwa nayo, humjaa, kisha ikamtoka. Woga ni wa ukoo wa kuogopa, neno la Kibantu, nao humganda mtu mpaka ukawa jina lake: fulani ni mwoga. Jaribu kuunda "mhofu" uone kama mdomo utakubali. Ni kweli twasema pia "ameshikwa na woga", mpaka kati ya maneno haya haujachorwa kwa rula. Tena wahenga walimhurumia mwoga kuliko Ufunuo unavyomhurumia, maana walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hata hivyo tofauti ipo, na mzungumzaji yeyote anaihisi.

Ina kazi, hiyo tofauti. Mama anayesubiri majibu ya kipimo cha uvimbe titini ana hofu. Baba ambaye muhula umefunguliwa na karo haijapatikana ana hofu. Kijana wa bodaboda anayepita usiku kwenye kona alikonyang'anywa mwenzake pikipiki ana hofu, na akipita hapo bila hofu nitatilia shaka akili zake. Ukimwambia yule mama ana roho ya hofu, umemwongezea ugonjwa wa pili: atauogopa uvimbe, na ataogopa kwamba imani yake ni mbovu ndiyo maana anauogopa. Woga ungeanza siku ambayo angeamua kutokwenda kuchukua majibu. Na ndicho anachoambiwa Timotheo katika aya inayofuata: asione haya kumshuhudia Bwana, wala asimwonee haya Paulo aliye kifungoni. Anahimizwa afanye jambo. Haulizwi kama moyo unamdunda.

Mtu atanijibu kwa Yohana: si hofu nayo inatupwa nje? Inatupwa, lakini Yohana mwenyewe anaihusisha na adhabu, kwa kuwa anazungumzia siku ya hukumu. Sindano ya hospitali haimo.

Kuna hesabu moja nayo inapendwa sana mimbarani, kwamba neno "usiogope" limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Mwenye itifaki ya Biblia na subira ahesabu, hatafika huko. Na mwaka mrefu, ile Februari 29, tuogope?

Neno ninalolisikitikia zaidi ni *kucha*. Si kucha za vidole, wala kule kucha kwa asubuhi. Ni kitenzi kifupi cha kale cha Kibantu, kilichotuachia kicho, uchaji na mcha Mungu, na ambacho leo hakuna anayekitumia sokoni. Nafasi yake imechukuliwa na "hofu ya Mungu", msemo unaosikika kwenye kampeni za uchaguzi na kwenye matangazo ya wanaotafuta wachumba: awe na kazi, asiwe mlevi, awe na hofu ya Mungu. Matokeo yake ni kwamba neno moja, hofu, linakemewa Ijumaa usiku na kusifiwa Jumapili asubuhi. Tungekiacha kicho kifanye kazi yake, waumini wasingechanganyikiwa.

Wasiwasi nao una historia. Kwa Kiarabu ni ule mnong'ono wa Shetani ambao sura ya mwisho ya Kurani inaomba kinga dhidi yake. Mkristo wa Kiswahili anaposali aondolewe wasiwasi, anatumia neno lililopitia msikitini kwanza. Imani pia ilipitia huko, pamoja na amani na amana, zote za shina moja la Kisemiti lenye maana ya usalama na uthabiti. Amina ya Kiebrania ni ya shina hilohilo.

Fadhaa ndiyo ninayoiona ya kweli kuliko zote, kwa sababu katika Marko 14 Union Version haikuona taabu kumpa Yesu mwenyewe: Gethsemane alifadhaika, tena akahangaika. Hakuna aliyethubutu kusema alikuwa na roho ya kitu fulani. Aliomba, akarudia kuomba, kisha akaondoka kwenda kule alikoogopa kwenda.

Na fadhaa hiyohiyo ndiyo Petro, katika waraka wake wa kwanza, anayowaambia waumini wamtwike Mungu. Kigiriki hapo kinasema kutupia juu, kitenzi ambacho Luka amekitumia kwa wale waliotupa nguo zao juu ya mwanapunda. Mtafsiri angeweza kuandika "mtupieni". Akachagua kutwika, na kwa maoni yangu hapo amemzidi Mgiriki. Anayetupa anaweza kutupa peke yake, kwa hasira, akageuka na kwenda zake. Kutwika kuna mpangilio wake. Mzigo kwanza uwe umefungwa na unajulikana ni mzigo gani. Abebaye ainame, au asimame karibu na kuweka kichwa sawa. Mikono isiachie mpaka uzito umekaa. Hakuna anayemtwika mtu aliye mbali. Wala hakuna anayetwika mzigo aliokwisha kukana kwamba ni wake, na hapo ndipo maombi ya kukemea yanapoacha pengo: mama wa uvimbe anaambiwa hofu si yake, ni ya adui, wakati Petro anaiita fadhaa yao, wao wenyewe, yote, kisha anawaonyesha wa kuipokea.