Kibendera Kilivyotoka Mikononi mwa Klabu

Kwenye Uwanja wa Liti mjini Singida, ambao wakongwe wanaendelea kuuita Namfua, mwamuzi anayesikia matusi yote ni mshika kibendera. Refa wa kati yuko mbali. Huyu wa pembeni anakimbia mbele ya mashabiki dakika 90, na kila anayejua kuzomea anamzomea kwamba amenunuliwa.

Ajabu ni kwamba kazi hii ilianza kwa upendeleo ulioruhusiwa. Uingereza ya miaka ya 1870, kila klabu ilikuja na msimamizi wake. Wachezaji wakilalamika, wawili hao waliamua; wakishindwa kuelewana, aliulizwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Mwaka 1891 huyo wa tatu akaingizwa ndani na kuachiwa maamuzi, wale wawili wakabaki pembeni na vibendera. Cheo cha mwamuzi msaidizi kilikuja mwaka 1996. Kwenye ndondo zetu, utaratibu wa kila timu kutoa mtu wake haujafa, na ugomvi wake pia haujafa.

Kilichoifanya kazi iwe ngumu ni sheria ya kuotea. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu mbele yake. Mwaka huo wakapunguzwa wakawa wawili, kipa akiwemo. Mwaka 1990 ikaamuliwa kwamba aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea. Sambamba! Msaidizi anatakiwa aone mguu wa mpiga pasi katikati ya uwanja na, papo hapo, bega la mshambuliaji lililo mbele yake. Ndiyo maana anatembea kiubavuubavu kama kaa, macho yasitoke uwanjani. Kibendera anakishika mkono ulio upande wa refa. Refa akishapuliza, anakielekeza juu kidogo kama kosa liko upande wa mbali, usawa wa bega kama liko katikati, chini kama liko karibu naye. Na kwa upepo wa Singida, kukinyoosha kitulie nako ni kazi.

Kisha macho yanayomtazama yakaongezeka. Singida United iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ilifika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Msimu wa 2022/23 Singida Big Stars ikashika nafasi ya nne. Mechi zikawa zinaonyeshwa kwenye televisheni, na marudio yakaanza kumhukumu mtu aliyeona tukio mara moja tu.

Penye VAR, yaani waamuzi wa video, msaidizi anaruhusiwa kuchelewesha kibendera shambulio limalizike. Ligi Kuu ya msimu huo wa 2022/23 haikuwa na VAR. Pasipo VAR, akisita, goli la kuotea linahesabiwa. Akiwahi, anaua goli halali. Na wasaidizi wamewahi kufungiwa mizunguko kadhaa na kamati ya Bodi ya Ligi kwa kosa la aina hiyo hiyo, baada ya wajumbe kukaa na kutazama picha zilizorekodiwa.